Matusi hayapunguzi kilo

Na Zuhura Mbaraka

Kariakoo kuna kijana mwenye mizani inayosema. Unapanda, unalipa, nayo inatangaza kilo zako kwa sauti, wapita njia wote wasikie. Juzi ilinitangazia 86. Wiki iliyotangulia ilikuwa 84 na nusu. Nikashuka nikijisema moyoni: mtu mzima ovyo, hata mdomo wako mwenyewe umekushinda.

Hasira ile haikunipeleka kutembea. Ilinipeleka kwa muuza chipsi mayai. Na mlafi hakosi methali: ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Nikaongeza mishikaki miwili.

Kumbe wataalamu walishalipima jambo hili. Mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack waliwanywesha milksheki wanafunzi wa kike, kisha wakawawekea aiskrimu wale watakavyo. Wasio na mazoea ya kujinyima walikula kidogo, maana walishashiba. Wenye kujinyima wakaifakamia: siku imeshaharibika, liwalo na liwe. Mwaka 2007, Claire Adams na Mark Leary wakatumia donati. Baadhi ya wanawake walipomaliza kula waliambiwa kwa upole kwamba kila mtu hula vitu kama hivi, wasijilaumu. Zilipoletwa peremende, wale wenye kujinyima sana walioambiwa hivyo walikula chache kuliko wenzao walioachwa na mawazo yao.

Najua mtaniambia kwamba tukijidekeza tutaota vitambi. Kujidekeza ni kudai kuwa chipsi hazinenepeshi. Mimi nasema nimezila, zimekwisha, na jioni nakula mchicha na ugali kidogo kama nilivyopanga. Mwenye kujitukana hafiki hata hiyo jioni.

Halafu ile kilo moja na nusu yenyewe! Jumamosi nilikuwa harusini. Chumvi ya pilau hushikilia maji mwilini, wanga nao vivyo hivyo, na sisi wanawake tuna siku zetu. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache bila mafuta kuongezeka. Huenda nilijitukana kwa sababu ya maji.

Tena matusi yenyewe hatukuyatunga sisi. Bonge, tipwatipwa, konda anayetaka nauli ya watu wawili: tumeyasikia tangu utotoni, sasa tunayarudia kwa sauti zetu wenyewe. Na ukipungua, shangazi anakuuliza unaumwa nini. Kumridhisha binadamu ni kazi.

Jumatano asubuhi napanda tena mizani ya yule kijana. Ikitangaza 86, nitamlipa na kwenda zangu Posta kwa miguu. Tukikutana njiani, nisalimie. Kilo usiniulize.