Vuhovi: tunataka rezo, hatutaki maiti chini ya antena

Wanainchi wa Vuhovi, wazazi na vijana,

Kwetu simu haiko mapambo. Kati ya Butembo na Beni, ni simu ndiyo inatuambia kama njia iko salama, kama jamaa waliolala shambani wamefika. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, habari ya mgonjwa ilipita kwa simu. Basi tusieleweke vibaya: hatupingi antena. Tunapinga namna vijana wetu wanapandishwa juu yake.

Tumeona kwa macho yetu. Kijana anaitwa asubuhi kwa kazi ya siku moja. Anapanda pilone na kandambili, kamba ya kufungia mbuzi kiunoni. Hana kofia, hana mkataba. Akiuliza, anajibiwa: "Kama hautaki, wengine wako." Kwa mwenye njaa, hilo haliko jibu, ni kulazimishwa.

Kupanda salama kunajulikana. Mkanda unashika mabega, kifua na mapaja, sababu kamba ya kiuno peke yake inaweza kukuvunja hata kama haukufika chini. Kamba za kujifunga ni mbili: moja haifunguliwe mbele ya nyingine kushika chuma. Chini kunabaki mwenzako mwenye kujua kukushusha haraka, maana mtu akining'inia, damu inabaki miguuni na anaweza kufa bila hata kidonda. Mawingu yakikusanyika, hakuna kupanda; radi ya milima yetu tunaijua. Na mitambo izimwe kwanza, sababu mawimbi ya antena kwa karibu yanaunguza mwili.

Mtu atasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana. Marekani kwenyewe, mwaka 2013, wafanyakazi 13 walikufa kwenye minara ya mawasiliano. Kule vifaa viko, wakaguzi wako. Sasa sisi wa kamba ya mbuzi?

Sheria iko pia. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kulinda afya na usalama wa mfanyakazi. CNSS iko kwa ajali za kazi. Lakini kijana ambaye jina lake haliko kwenye karatasi yoyote, akianguka leo, nani atamlipa mama yake?

Kwa hiyo tunadai:
– mwenye antena, hata kama ametuma mtu mwingine kufanya kazi, atoe vifaa, mafunzo na mkataba ulioandikwa;
– mkaguzi wa kazi afike huku, asibaki mjini;
– wakubwa wa groupement na wa localité wasiruhusu kazi ya juu bila kuona vifaa.

Na wewe kijana, ndugu yetu: kukataa kupanda bila mkanda haiko woga. Ukatae, na uite wenzako wakatae pamoja. Tukikataa wote, hakuna "wengine".

Mkate wa siku moja haununui maisha!