Jogoo Asiyewika na Mganga wa Kitui

Leo nitasema jambo ambalo sisi wanaume wa Pwani hulisema kwa kukonyezana tu.

Kwenye nguzo ya umeme karibu na kwangu pamegongomewa kibati: "Mganga kutoka Kitui." Chini yake ni orodha: mali iliyoibwa, mume aliyetoroka, kesi za mashamba, na nguvu za kiume. Sahibu yangu mmoja, tuliyesoma naye chuoni tangu alifu na bee, alikuwa akipita hapo kila siku ameinamisha uso. Alifiwa na mkewe, akaoa tena, na bibi huyu mpya anataka mtoto. Siku moja baada ya Alasiri akanijia. "Ndugu yangu, nisindikize Kitui kwenyewe. Hapa mjini nitaonekana."

Tukapanda basi, tukapita Mtito Andei, na pale Kibwezi tukashika njia ya Ikutha na Mutomo. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanguka, na kote Makueni hadi Kitui Wakamba walikuwa mashambani na plau zao. Tulipofika mjini akampigia mganga simu. Akajibiwa, "Mimi niko Mombasa, hapa Mwembe Tayari. Njooni tu." Sahibu yangu hakucheka. Mimi nilicheka, hasa nilipoona karibu na kituo cha mabasi bango jingine: "Mganga kutoka Pwani."

Usidhani nawacheka Wakamba. Tangu zama za Kivoi, tajiri wa Kitui aliyekuwa akileta misafara ya pembe huku kwetu, tumefanya biashara na watu hawa. Na jibu la swali letu tulilipita njiani, limefungwa nira: maksai. Mkulima wa Makueni anajua kuwa dume likihasiwa hupoa, likaacha kupigana na kutamani majike. Korodani zina kitu.

Kitu gani? Mwaka 1849, mwaka uleule Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi, Mjerumani Arnold Berthold alieleza alivyowahasi majogoo wachanga. Vilemba vyao vilidumaa, wasiwike wala wasipigane. Walakini wale aliowarudishia korodani tumboni, ingawa mishipa yake ya fahamu imekwisha katwa, walikua wakawa majogoo kamili. Kwa hiyo kuna kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka 1935 wataalamu wa Amsterdam wakakitoa katika korodani za madume ya ng'ombe, wakakiita testosteroni.

Kati ya hapo alitokea tabibu mashuhuri, Brown-Séquard, mzaliwa wa Morisi katika bahari yetu hii. Mwaka 1889, akiwa na miaka 72, alijidunga maji ya korodani za wanyama, akatangaza kuwa ujana umemrudia. Baadaye ikajulikana kuwa maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kumfaa hata kidogo. Kilichomwinua ni imani. Naye alikuwa msomi, si mtu wa kibati.

Sasa, upungufu wa homoni hii ni maradhi ya kweli. Hutokana na korodani kuumia, au kuvimba kwa ajili ya matubwitubwi, au kuharibika tezi iliyo chini ya ubongo. Na unga unaowamaliza vijana wetu nao huishusha. Mtu hupoteza hamu, huchoka, misuli na mifupa ikadhoofu. Mwenye maradhi haya hutibiwa kwa sindano au jeli ya kupaka, na wengi hufaidika. Lakini kwanza apimwe damu asubuhi, mara mbili, siku mbalimbali, kwani homoni hii hupanda alfajiri na kushuka mchana. Kibati hakipimi damu.

Tena si kila jogoo asiyewika amekosa testosteroni. Aghalabu ni kisukari, shinikizo la damu, sigara, au fikra nzito.

Dawa yenyewe si mchezo. Huifanya damu kuwa nzito, na mwenye saratani ya tezi dume kwa kawaida hapewi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye maradhi ya moyo au walio karibu nayo, haukuona kuwa dawa imeongeza shtuko la moyo, ila uliona mapigo kwenda kombo na damu kuganda mapafuni vikizidi kidogo. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ubongo ukiona homoni imetoka nje, huacha kuziamrisha korodani, na mbegu za uzazi zikapungua hata kwisha. Mwenye kutaka mtoto akajidunga, amejihasi kwa fedha yake.

Hilo ndilo lililokaribia kumpata sahibu yangu. Tuliporudi alipimwa mchana, baada ya usiku wa basi bila usingizi. Homoni ikaonekana chini, na muuza dawa mmoja alikwisha tayarisha sindano. Nikamvuta mkono. Alipopimwa tena kwa daktari, asubuhi, mara mbili, homoni ilikuwa sawa. Sukari ndiyo iliyokuwa juu mno.

Mimi sioni haya kuyaandika haya, kwani masheikh wetu hawakuona haya kuyafundisha. Katika fiqhi ya Shafii mke wa hanithi akishtaki, kadhi humpa mume mwaka mzima, misimu yote minne impitie, ijulikane kama ni maradhi ya kupita. Waliliona kuwa ni jambo la kuchunguzwa, na wakaliweka barazani kwa kadhi, si gizani. Sisi tumelirudisha gizani, na wenye vibati wanakula humo.

Sahibu yangu sasa anameza vidonge vya sukari na hutembea kila alfajiri mpaka Forodhani. Mkewe ndiye anayemwekea tarehe za kliniki.