UFUNGUO WA PILI WA PIKIPIKI YA USHIRIKA



Mkutano mkuu wa ushirika wetu umekaribia, na kwenye ajenda limewekwa jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu wanalicheka: fedha za kutengenezea ufunguo wa pili wa pikipiki. Nimewasikia kwa masikio yangu. Eti ufunguo nao siku hizi ni ajenda? Mimi nasema ni ajenda, tena iwe ya mwanzo, kabla watu hawajaanza kuchoka na kuondoka mmoja mmoja. Na anayeuliza Katibu wa Chama anaingiliaje mambo ya ushirika, nami nina mikorosho na nina hisa kama yeye.

Kwanza tuelewane ufunguo wenyewe ni wa namna gani, maana hapo ndipo ubishi unapoanzia. Pikipiki nyingi tunazoziona hapa Chiwata, na hata ukienda Masasi au Newala, ni Boxer na TVS za bodaboda. Zilizo nyingi ufunguo wake ni chuma kitupu. Ukipotea unamwendea fundi sokoni, anachonga mwingine wewe umekaa kwenye benchi unamtazama. Hii yetu si hivyo. Ni Honda kubwa ya mtumba, na karibu na swichi yake pameandikwa HISS. Hiyo ni alama ya ulinzi dhidi ya wezi.

Ndani ya kichwa cha ufunguo, chini ya ile plastiki nyeusi, mna kidude kidogo kinaitwa chipu. Hakina betri. Ukiingiza ufunguo na kuuzungusha, pete ya waya iliyozunguka swichi inakiamsha, nacho kinataja namba yake. Kompyuta ya injini inaitafuta namba hiyo kwenye kumbukumbu zake. Ikiiona, taa ndogo inawaka sekunde chache halafu inazimika, na injini inakubali. Isipoiona, taa haizimiki na injini haiwaki hata ufanyeje. Ni kama stakabadhi ya ghalani, ambayo sisi wa korosho tumeizoea tangu 2007. Karatasi peke yake haikuletei fedha kama namba yake haimo daftarini.

Kwa hiyo wale wanaosema tumpe fundi wa sokoni achonge, tumalize, waelewe watapata nini. Watapata chuma kitakachofungua usukani na tangi la mafuta. Injini itabaki kimya.

Kitabu cha pikipiki kimeandikwa Kiingereza. Mimi kusoma kwangu ni kwa kisomo cha watu wazima, Kiingereza hakikuwemo, basi nikamwomba kijana wa Kidato cha Nne anifasirie, na nikamwambia arudie mara mbili. Kompyuta hiyo inaweza kuweka namba za funguo nne. Ukitaka kuongeza ufunguo, unapeleka pikipiki yenyewe kwa wakala, na funguo zote ulizonazo, na kile kibati chenye namba ya ufunguo. Lakini funguo zote zilizoandikishwa zikipotea, hapo ufunguo peke yake hausaidii tena. Inabadilishwa kompyuta. Hebu ndugu msomaji rudia sentensi hiyo nawe mara mbili. (Wenye Yamaha za namna hii nao wasicheke. Kwao upo ufunguo mwekundu wa kuandikishia zile nyeusi. Ukipotea huo, siku utakapohitaji kuandikisha ufunguo mpya itabidi ubadilishe mtambo wote wa ulinzi.)

Sasa sisi tunao ufunguo mmoja. Mmoja tu, unatembea katika mfuko wa suruali ya mtu.

Msimu uliopita wa kupuliza salfa, aliyekuwa nao alipata msiba, akaondoka usiku na ufunguo mfukoni. Simlaumu, msiba ni msiba, na nani akifiwa anakumbuka funguo? Lakini pikipiki ilisimama siku mbili mbele ya ofisi, mifuko ya salfa imepangwa ndani, na watu wa mashamba ya mbali wanangoja. Ubwiriunga haungojei matanga. Ua la mkorosho likishaungua limeungua, na kilo zako za mwezi wa kumi zimekwenda nalo. Mama mmoja alibeba mfuko wake kichwani kwenda nao shambani, na ushirika una pikipiki! Jambo hilo lilinichoma.

Liko na jingine ambalo wengi hawajalifikiria. Tulinunua mtumba. Aliyetuuzia alitupa ufunguo mmoja. Je, ule mwingine uko wapi? Huenda umepotea kweli, huenda uko kwenye droo ya mtu. Namba yake bado imo katika kompyuta ya pikipiki yetu, maana yake yeyote aliye nao anaweza kuja usiku, akawasha, akaenda zake. Tukiandikisha ufunguo mpya, zile namba za zamani za funguo ambazo hazikuletwa zinafutwa. Chuma cha ufunguo huo kitaendelea kufungua usukani, hilo kweli, ila injini haitamsikiliza tena. Fedha hiyo inanunua ufunguo na inamfunga mlango mtu tusiyemjua.

Kuna ndugu wameshauri njia ya mkato: chipu itolewe ndani ya ufunguo wetu, ifungwe kwa gundi karibu na ile pete, kisha tuchonge funguo za chuma tupu tunavyotaka. Itawaka, sikatai. Lakini itawaka kwa kila mtu mwenye chuma kinachoingia. Wapo vijana hapa na kwingine wanaojua sana kuchezea swichi za pikipiki, na watu wa kangomba wanahitaji usafiri wa usiku. Tusiwarahisishie.

Hoja ya mwisho niliyoisikia ndiyo nzito: funguo mbili ni wezi wawili. Yaani kiongozi mwingine naye atapata cha kuendea harusini. Haya, mbona ghala letu lina kufuli mbili na watunzaji wawili, na hamjalalamika? Ubaya hauko katika idadi ya funguo, uko katika kutokuwa na daftari. TANU katika Mwongozo wa 1971 ilikwisha wakanya viongozi wasijifanye mabwana juu ya watu, na pikipiki ya ushirika katika mfuko wa mtu mmoja ndiyo mwanzo wa ubwana. Maoni yangu: ufunguo wa pili ukae katika kasha la ofisi, bahasha imefungwa na kutiwa sahihi na mtunza ghala na mjumbe mmoja wa bodi asiye mwenyekiti. Anayeuchukua aandike siku, saa, anakokwenda na kilomita zilizosomeka. Hata mimi.

Bei siiandiki hapa. Halmashauri yetu ilete kwenye mkutano bei za maandishi kutoka sehemu mbili, Mtwara na Dar es Salaam, pamoja na gharama ya kusafirisha pikipiki, na waeleze kama bei hiyo ni ya kuchonga tu au na kuandikisha chipu. Hayo ni mambo mawili tofauti, mtu asije akatulipisha la kwanza tukarudi na chuma.

Na kadi ya pikipiki mpaka leo ina jina la aliyetuuzia. Wakala akiuliza mwenye mali ni nani tutamwonyesha nini? Uhamisho wa TRA ufanywe kwanza, kabla pikipiki haijapandishwa garini. Mwenye kujua kile kibati cha namba kiliwekwa wapi siku tuliyoinunua, akilete ofisini wiki hii.

Katibu wa Tawi,
Chiwata