Uzazi Huanzia Ubongoni

Katika vijiji vya Wilaya ya Kilosa vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, mbung'o hawaujui mpaka wa hifadhi. Hufyonza damu ya wanyama wa porini, kisha humng'ata ng'ombe na kumwambukiza nagana. Ng'ombe hukonda na kupungukiwa damu. Akiwa jike, huweza kukaa miezi mingi bila kupata joto, au hutupa mimba. Mfugaji asiyejua chanzo humwita tasa na kumpeleka mnadani. Hukumu hiyo ni ya haraka, na ufundishaji wa biolojia una sehemu yake katika kosa hilo.

Shuleni uzazi ni sura moja, kinga ya mwili ni sura nyingine, na ubongo ni ya tatu. Mwili haujui mgawanyo huo. Amri ya uzazi hutoka katika sehemu ya chini ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hapo zimo seli chache za neva, ambazo kwa panya ni kama 800 tu, zitoazo homoni kwa mapigo. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha ovari au korodani. Muundo wake ulifumbuliwa mwaka 1971 na makundi ya Andrew Schally na Roger Guillemin, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Kando ya neva hizo wamo walinzi. Ni seli za kinga za ubongo, maikroglia, zilizoelezwa na Pío del Río-Hortega wa Hispania mwaka 1919. Maradhi yanapoingia mwilini, seli hizo hupokea habari na kutoa kemikali ziwezazo kuzinyamazisha neva za uzazi. Kondoo waliodungwa sumu itokayo katika ganda la bakteria walipungukiwa na mapigo ya homoni hiyo. Majaribio ya panya yameonyesha zaidi: hata pasipo ugonjwa, maikroglia zikiharibika, homoni za uzazi hushuka. Mlinzi, basi, ni msaidizi pia.

Nagana hudhuru uzazi kwa njia zaidi ya moja, kwani huweza kuharibu pituitari na korodani zenyewe. Kwa binadamu mwenye malale, vijidudu huingia hata ubongoni. Hedhi huweza kukatika, na nguvu za kiume kupungua.

Huenda mwalimu akasema kwamba mtaala umekwisha kuwa mzito. Lakini haihitajiki sura mpya. Yatosha mchoro wa uzazi uanzie ubongoni, na mshale mmoja utoke kwenye kinga ya mwili kuelekea huko. Mwanafunzi wa Kilosa atauelewa mshale huo, kwa kuwa ameiona mifugo ya nyumbani kwao.

Faida yake haiishii zizini. Katika jamii nyingi mwanamke asiyezaa hubeba lawama peke yake, na pengine hufukuzwa nyumbani kabla mumewe hajapimwa. Si kila utasa hutokana na ubongo au maradhi. Vyanzo vyake ni vingi, na humpata mume kama ampatavyo mke. Ndiyo sababu uchunguzi hauna budi kutangulia hukumu. Kijana aliyefundishwa hivyo atampima ng'ombe kabla ya kumuuza, na kesho atafuatana na mkewe hospitalini badala ya kumrudisha kwao.