Mkanda wa Meno Haupimwi kwa Jicho

Peramiho imezoea karakana tangu Wabenedikto kutoka Ujerumani walipofungua misheni yao mwaka 1898. Ufundi hapa una heshima, na neno la fundi huaminiwa upesi. Ndiyo sababu napinga waziwazi baadhi ya madai kuhusu mikanda ya meno: yanaharibu mashine ambazo watu wamezinunua kwa fedha za mahindi yao.

Dai linaloumiza zaidi ni hili: "Mkanda ukilingana urefu na upana, unafaa." Haufai mpaka hatua ya meno ilingane, yaani umbali kutoka katikati ya jino hadi katikati ya jino linalofuata. Mkanda wa aina ya XL una hatua ya milimita 5.08; wa 5M, milimita 5 kamili. Kwa macho huoni tofauti hiyo. Lakini ufunge wa XL kwenye puli ya 5M yenye meno 60. Nusu ya puli inashika meno 30, na kila jino linazidi kwa milimita 0.08. Mwisho wa nusu hiyo umepotea milimita 2.4, karibu nusu ya hatua nzima, na jino la mkanda linapanda mgongoni mwa jino la puli badala ya kuingia bondeni. Tena hata umbo linakataa: meno ya XL yana kona, ya 5M ni ya mviringo. Mkanda utakatika, na lawama ataibeba muuza spea.

Dai jingine: "Pima puli ncha hadi ncha, kisha piga hesabu ya mwendo." Utakosea. Nyuzi zinazovuta ndani ya mkanda hupita juu kidogo ya ncha za meno ya puli, na kipenyo cha hesabu kinafuata nyuzi hizo. Puli ya 8M yenye meno 24 ina kipenyo cha 24 × 8 ÷ 3.1416, yaani milimita 61.12. Ukipima ncha hadi ncha, kalipa itakuonyesha kama 59.7. Ukitaka kujua mwendo, achana na kalipa, hesabu meno: 24 yakizungusha 48, mwendo unapungua nusu.

La tatu: "Kaza sana mkanda usiruke." Utaua beringi. Mkanda unaoruka mara nyingi umeshika meno machache mno kwenye puli ndogo; hakikisha hayapungui sita.

Wengine wanashauri mashine ya kusaga ifungwe mkanda wa meno kwa kuwa ule wa V unateleza. Nyundo za mashine hiyo zikikwama, kuteleza huko ndiko kunakonusuru mota. Uacheni wa V.

Na kwenye gari: "Mkanda wa taimingi ukionekana mzima, endelea." Nyuzi huchoka ndani, mpira ukiwa bado unang'aa. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Taa ya T-BELT ikiwaka, badilisha, usiizime tu.

Kabla hujapanda gari kwenda Songea kutafuta spea, futa mgongo wa mkanda wa zamani usome maandishi yake. 800-8M-30 ni urefu wa milimita 800, hatua 8, upana 30, kwa hiyo meno 100. Yaandike yote kwenye karatasi, umkabidhi muuzaji.