Hesabu ya Chupa



Mutu akishauza zahabu yake Butembo, mara nyingi nganda inamuona mbele ya bibi yake. Tumezoea kusema: «Ule hana akili.» Je, ni kweli?

Mwalimu mmoja wa uchumi alijibu hapana. Gary Becker alizaliwa mwaka 1930 Pottsville, mji wa makaa ya mawe huko Marekani. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1992, sababu alipeleka hesabu ya soko mpaka ndani ya mambo ya nyumba: ndoa, watoto, tabia. Mwaka 1988 yeye na Kevin Murphy waliandika kama hata mutu wa pombe anapima. Upande mumoja anaweka furaha ya leo, upande mwingine hasara ya kesho. Lakini chupa ya jana inaongeza hamu ya chupa ya leo. Na mutu anayeona kesho yake ni nyepesi, kwake leo itashinda kila mara.

Hapo ndipo penye shida yetu. Beni imeona mauaji tangu 2014, halafu Ebola ya 2018 mpaka 2020. Kijana wa shimo anasema: «Kesho nani anaijua? Tukunywe leo!» Huo si ujinga. Ni hesabu ya mutu aliyenyang'anywa kesho. Kumugombeza tu haitoshi. Tumurudishie kesho yake.

Tufanye nini?

1. Likelemba kwanza, nganda nyuma. Mutu anayejua tarehe ya zamu yake, kesho yake iko na uzito.

2. Becker na Murphy waliona kama zoea lenye nguvu linakatwa kwa mara moja, si polepole. Lakini anayekunywa sana kila siku tangu miaka aone muganga kwanza: kuacha gafla kunaweza kumuletea kifafa.

3. Mwalimu mwingine, Thomas Schelling, Nobel ya 2005, alisema ndani ya mutu mumoja ni kama muko watu wawili wanaoshindana. Basi, yule wa asubuhi amufunge yule wa jioni: amuachie bibi franga angali na akili nzima.

Lakini mizani ile iko na tundu. Anayekunywa anapima furaha yake, na deni linalipwa na wengine: mama anayekopa unga, mutoto anayefukuzwa shuleni. Hao nani aliwauliza?

Kasiksi ya sherehe tunaijua wote. Tunasema juu ya chupa ya kila jioni. Chupa moja kwa siku ni chupa 365 kwa mwaka. Zidisha na bei ya mtaa wako, uandike jibu kwa karatasi.

Ya kuzungumza nyumbani: Kwetu, nani anashika franga siku ya mauzo? Na jamaa yetu inangojea nini mwaka kesho?