Dharau Isiyo na Hoja

Kati ya wataalamu wa fasihi wako wanaoamini kuwa hadithi hupata heshima siku inapofungwa katika jalada gumu la kitabu. Kabla ya siku hiyo, kwa maoni yao, ni mtoto asiye na ukoo. Kosa la imani hii ladhihirika katika hukumu yao juu ya hadithi fupi za sayansi na za maajabu zilizozaliwa katika magazeti ya Marekani. Riwaya hufundishwa, hadithi fupi iliyoizaa riwaya huachwa, gazeti lililoipokea hadithi hiyo halitajwi kabisa.

Magazeti hayo yana historia yake. Weird Tales lilianza mwaka 1923. Mwezi wa Aprili 1926 Hugo Gernsback alitoa Amazing Stories, gazeti la Kiingereza la kwanza kujitolea kwa hadithi za sayansi peke yake, kwa bei ya senti 25. Astounding lilifuata mwaka 1930, The Magazine of Fantasy and Science Fiction mwaka 1949, na Galaxy mwaka 1950. Mengi katika yale ya mwanzo yalichapwa kwa karatasi duni. Waandishi walilipwa kwa hesabu ya maneno. Na habari zake zilikuwa za vitu visivyopata kuonekana duniani. Mambo matatu haya ndiyo mashtaka yanayoletwa juu yake mpaka leo. Yapasa kila moja lijibiwe.

Shtaka la karatasi halina nguvu. Charles Dickens alitoa Great Expectations kwa mafungu ya kila juma katika gazeti lake, mwaka 1860 na 1861, wala hapana msomi anayeihesabu kazi ile kuwa takataka. Katika Tanganyika, Mambo Leo lilianza mwaka 1923, mwaka ule ule wa Weird Tales, na kurasa zake zikabeba mashairi ya Kiswahili kwa miaka mingi. Shairi zuri halikupungua uzuri hata kama karatasi yake baadaye ilifungiwa karanga sokoni.

Shtaka la malipo ni dhaifu zaidi. Mwashi hulipwa kwa siku, na nyumba haianguki kwa sababu hiyo. Huanguka kwa ubovu wa kazi. Na ubovu wa kazi hujulikana kwa kuitazama nyumba, si kwa kuuliza ujira wa mwashi.

Shtaka la tatu lingewaaibisha wasomi wa Kiswahili kuliko wengine. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni habari ya nchi inayoelea hewani. Wasomaji wake hawakuuliza nchi ile iko wapi katika ramani. Waliuliza haki iko wapi. Ikiwa ruhusa hiyo ilitolewa kwa Kusadikika, kwa sheria gani hadithi ya safari ya nyota inyimwe?

Mwenye kutaka ushahidi na asome Flowers for Algernon ya Daniel Keyes, iliyotoka katika The Magazine of Fantasy and Science Fiction mwezi wa Aprili 1959. Mtu mwenye akili pungufu anapasuliwa ili aongezewe akili, na habari yote ni taarifa alizoandika kwa mkono wake. Mwanzo zimejaa makosa ya herufi; kisha lugha yake inapanda mpaka kilele cha elimu; kisha makosa yale yanarudi moja moja, na msomaji anaona mtu akizama bila kuambiwa kuwa anazama. Ufupi wenyewe ndio nguvu yake. Keyes amesimulia kuwa mhariri wa Galaxy, H. L. Gold, alitaka mwisho ugeuzwe uwe wa furaha, naye akakataa. Wanaosifu riwaya ya mwaka 1966 bila kujua mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa wanasifu mti wasioujua mzizi wake.

Lakini utetezi wa haki haufichi aibu. John W. Campbell, mhariri wa Astounding tangu mwaka 1937, alilea waandishi wengi, Isaac Asimov miongoni mwao. Mhariri huyo huyo, kama alivyoandika Samuel Delany, alikataa mwaka 1967 kuichapa riwaya ya Nova katika gazeti lake, kwa hoja kuwa wasomaji wake wasingemkubali shujaa mweusi. Wenye dharau watasema: Hayo ndiyo magazeti yenu. Jibu ni kwamba habari hiyo ni sababu ya kuyachunguza, si ya kuyatupa. Fasihi ina uso ilio nao kwa sababu mkono fulani ulichagua na mkono huo huo ulikataa. Asomaye vitabu peke yake hauoni mkono huo, wala hawezi kuushitaki.

Shauri hili si la zamani tu. Mwezi wa Februari 2023, Clarkesworld, gazeti lililoanzishwa mwaka 2006, lilifunga kwa muda mlango wa kupokea hadithi, kwa kuwa lilifurikwa na maandiko yaliyotungwa na mashine. Mwandishi mgeni asiye na jina, ambaye mlango huo ndio pekee aliokuwa anaweza kuugonga bila kujulishwa na mtu, alikaa nje pamoja na wadanganyifu. Chuo kisichojua thamani ya mlango hakitajua kilichopotea siku utakapofungwa moja kwa moja.

Basi vyuo na viyaweke magazeti haya katika maktaba zake, na wanafunzi wazisome hadithi zake moja moja. Mbaya iitwe mbaya. Nzuri isiombwe jalada gumu kwanza ndipo iitwe nzuri. Hukumu inayotolewa kabla ya kusoma si elimu, hata kama aitoaye ana shahada.